Sauti Namba 212

Kabla sijamkabidhi askari bunduki, humkabidhi masikio. Wapya hucheka wakisikia hivyo, wakidhani afande ana utani wa kizee. Huwaacha wacheke, kisha huwavalisha hedseti, nikaingiza kidole kati ya mto wa kikombe cha sikio na shavu kuona kama pana upenyo. Mwenye miwani humbadilishia fremu, kwa sababu mkono wa miwani ukiinua ule mto kidogo tu, mlio unapita hapo kama panya chini ya mlango. Mwenye rasta humwambia akasuke upya. Bunduki inaweza kusubiri. Sikio likifa halina mazishi, unatembea nalo hivyo hivyo mpaka siku yako.

Jumatatu hiyo nilikuwa na hedseti za aina mbili juu ya meza, kwenye uwanja wa shabaha wa Hifadhi ya Isengwa, na siku nne za kuchagua moja. Kikosi cha Nyuki kilikuwa kinataka jozi mia sita. Makao makuu walishasema watanunua ile atakayoitilia sahihi Sajenti Nyanzala Mhoja, yaani mimi, kwa kuwa nimefundisha shabaha miaka kumi na tisa na watu wote huniita masikio ya kikosi. Zamani jina hilo lilinipendeza. Siku hizo lilikuwa linanichoma.

Ya kwanza iliitwa Pembe. Nzito, ngumu, betri zake ni zile za tochi, hata duka la Sikonge unazikuta. Ilishusha mlio wa risasi kwa desibeli ishirini na nne. Kazi yake ilikuwa moja: kishindo kikija inafunga, kikipita inafungua. Ukilaza shavu kulenga, kitako cha bunduki kiliigonga na kuisogeza, na ukishaisogeza umejivua nguo.

Ya pili iliitwa Tulivu. Ilikuwa nyembamba, kitako hakikuigusa, na ilishusha desibeli thelathini na tatu. Kwa asiyejua, tofauti ya tisa ni ndogo. Mimi huwaeleza askari hivi: kila unaposhusha tatu unaikata nguvu ya mlio nusu. Kwa hiyo tisa ni nusu ya nusu ya nusu, na huo ndio umbali kati ya mtu atakayewasikia wajukuu zake na mtu atakayewatazama midomo.

Lakini uzuri wa Tulivu haukuwa unene wa mto. Ilikuwa na akili. Ilichambua sauti kama mama anavyochambua mchele kwenye ungo: mawe inatupa, punje inapitisha. Mlio wa risasi iliutupa kabisa, hata mwangwi wake. Nyayo, majani, pumzi ya mwenzako, hivyo ilivipitisha na kuvikuza. Shija Masele, askari wangu mwenye shabaha kuliko wote, aliivaa akapiga risasi thelathini mfululizo, akaivua akiwa anatabasamu.

"Afande," alisema, "nilikuwa namsikia kinyonga akitembea."

Nilimwambia kinyonga hana viatu. Lakini moyoni nilikuwa nimeshachagua.

Nilikuwa na sababu yangu. Tangu nyuki waishe kwingine na mashamba ya watu kushindwa kuzaa, makundi ya nyuki wa miombo yetu yamekuwa yakiwindwa kama dhahabu. Wezi huja na ndege zisizo na rubani za kufyonza mizinga, na wenyewe hufuata nyuma na bunduki zenye viziba sauti. Askari wa leo anapiga risasi nyingi zaidi kwa mwezi mmoja kuliko nilivyopiga mimi miaka yangu mitatu ya kwanza. Na mimi, kwa zile chache zangu, tayari nina mluzi kichwani usiolala. Sauti nyembamba zote zimenikimbia: ndege wadogo, watoto wachanga, kengele ya mlango.

Hakuna aliyejua. Kila mwaka nesi wa kikosi alinipima, na kila mwaka nilifaulu. Alikaa nyuma yangu na mashine yake, lakini mbele yangu palikuwa na kabati la dawa lenye kioo. Nilikiona kidole chake kikibonyeza, nami nikainua mkono. Mkufunzi asiyesikia hupewa cheti cha shukrani na nauli ya kurudi kwao, nami kwetu sina kazi nyingine ninayoijua.

*

Jumanne tuliingia porini kuijaribu, watu wanne, wote na Tulivu. Saa sita mchana, kwenye korongo la Mto Mswa, tulikutana na wezi. Tulirushiana risasi kama robo saa, wakakimbia wakaacha ndege yao moja ikitapatapa mchangani. Nilivua hedseti nikajisikiliza. Mluzi ulikuwa ule ule, haukuongezeka. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi nilitoka kwenye mapigano bila kichwa kuniuma, na ningeweza kulia kwa furaha. Nikaamuru zisivuliwe mpaka jua lizame, kwa sababu wezi wangeweza kurudi.

Saa kumi tulipiga kambi. Mmoja wetu alisonga ugali. Mimi nilikaa na mgongo kwenye jiwe, nikisikia maji yakichemka na Shija akitafuna kijiti. Pori lote lilikuwa safi masikioni mwangu. Sauti nyembamba nilizozizika miaka sita, Tulivu ilizifanya nene na kuzikuza hadi zikanifikia, nikawa nazipokea kama barua.

Shija aliinuka ghafla. Alikuwa ameona kitu kikija nyuma ya nyasi ndefu, kimeinama, na kitu kirefu begani. Akangoja. Nami niliona akingoja, hilo nitalisema mbele ya yeyote. Alingoja kusikia. Kisha kile kitu kirefu kikashuka kutoka begani, naye akapiga risasi moja.

Yowe tulilisikia vizuri sana, kama mtu yuko chumba kimoja nasi. Tulivu ilikuwa imefundishwa kupitisha sauti za maumivu.

Alikuwa Mama Holo, mrina asali mwenye mizinga yake mia na ishirini ng'ambo ya korongo, mwanamke wa miaka hamsini na mbili ambaye kila askari wa Isengwa amewahi kula asali yake. Kile kitu kirefu kilikuwa shoka. Risasi ilikuwa imepita pajani. Nilimfunga mkanda wangu juu ya jeraha, na Shija akambeba mgongoni mwendo wa saa mbili hadi barabarani, hakukubali kupokewa.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo kwa mtu wa Isengwa halina haja ya kuelezwa. Porini hakuna mlango, kwa hiyo mlango ni mti. Ukikaribia kambi ya watu unasimama mbali, unageuza shoka, unagonga shina kwa kisogo chake mara tatu, unangoja. Walioko kambini wanakujibu kwa kugonga mara moja, ndipo unakuja. Hatupigi kelele, kelele humwita mwizi na huwaudhi nyuki. Tangu bibi wa bibi zetu ni hivyo, na hifadhi ilipoanzishwa desturi hiyo ikaandikwa kuwa sheria: anayekaribia kambi ya askari bila kubisha ni mvamizi. Mrina asali anaweza kusahau kisu nyumbani. Kubisha hasahau.

Na jioni ile hatukusikia mtu akibisha.

*

Jumatano asubuhi Kamanda Ruhinda alituita ofisini. Mhandisi Fikirini, aliyeletwa na watengenezaji wa Tulivu, alikuwa ameshafungua kumbukumbu za hedseti zote nne kwenye skrini. Kila hedseti huhifadhi kile ilichompa mvaaji wake. Tulisikiliza dakika kumi kabla ya risasi: maji, kijiti cha Shija, njiwa, mwiko kwenye sufuria. Hakuna shoka.

Fikirini hakuwa mtu mbaya, tena alikuwa na aibu ya kweli usoni. Alisema alitamani kumbukumbu ziseme vingine, lakini ndizo hizo, nne, zote zinakubaliana. Kamanda akaandika. Shija hana kosa. Mama Holo, akitoka hospitali, atajibu shtaka la uvamizi, na leseni yake ya mizinga inasimama kuanzia siku hiyo. Kwa mrina asali wa Isengwa hiyo ni sawa na kumwambia usile.

Kisha akanisukumia karatasi ya manunuzi, akaniambia Ijumaa anataka sahihi yangu.

Nilikwenda hospitali mchana. Mama Holo alikuwa amelala na mguu ukiwa umeinuliwa, uso wake umekauka kwa hasira zaidi kuliko kwa maumivu. Nilimwamkia Mwangaluka, kama tunavyoamkiana kwetu. Hakuitikia. Nikakaa hata hivyo. Nikamwuliza kwa nini hakubisha.

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini hakuvaa nguo.

"Niligonga ule mti wa mtundu uliopasuliwa na radi, mara tatu. Kimya. Nikasogea, nikagonga mninga, mara tatu. Kimya. Moshi nauona, watu siwaoni. Wewe ni wa huku, Nyanzala. Ukibisha mara mbili usijibiwe, unafanya nini?"

Nilijua jibu. Kila mtoto wa Isengwa analijua. Ukibisha mara mbili bila kujibiwa, huna ruhusa ya kuondoka. Kambi yenye moshi isiyojibu ni kambi ya wafu au ya waliofungwa kamba, na ni juu yako kwenda kuwatazama.

"Mchana nilisikia risasi korongoni," alisema. "Nikajua mmekufa. Nilikuja kuwazika, mwanangu, nanyi mkanipiga."

Akageuzia uso ukutani. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la wagonjwa muda mrefu, na aibu yangu ilikuwa ya kushikika kwa mkono. Sikujua bado kwamba sehemu kubwa ya aibu hiyo ilikuwa haijafika.

*

Alhamisi nilirudi porini na Shija. Hakuwa amekula tangu Jumanne, macho yamemwingia ndani, lakini nilipomwambia tunakwenda kutafuta nini alitangulia yeye.

Mtundu wa radi ulikuwa hatua mia na kumi kutoka majivuni kwetu. Kwenye shina lake, usawa wa bega la mwanamke, palikuwa na mabonde matatu ya kisogo cha shoka, gamba limebonyea na utomvu bado mbichi. Mninga ulikuwa hatua sitini. Mabonde matatu, na ule mti ulikuwa umetoa damu yake nyekundu kama kawaida yake. Shija aliweka kiganja juu ya alama zile, akakaa chini.

"Hatua sitini, afande. Mtu akigonga mninga hatua sitini, hata kiziwi anasikia."

 Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu miezi kurudi nyuma.

Kwa nini Tulivu itupe sauti ya shoka? Kwa sababu mtu aliiambia shoka ni jiwe, si punje. Tulivu haikuzaliwa ikijua. Miezi mitano nyuma watengenezaji walifunga vinasa sauti mitini, wakakusanya sauti mia nne za pori letu, wakaomba mtu wa huku azisikilize moja moja na kuzitenga: hii pitisha, hii zuia. Kikosi kilimtoa mtu wake. Nani mwingine, kama si masikio ya kikosi?

Siku tatu nilikaa ofisini na chai ya tangawizi nikibonyeza vitufe viwili. Nilijivunia kazi ile. Nilidhani nawalinda vijana wangu.

Tulirudi ofisini kabla ya saa nane, watu wengine wakiwa mezani wanakula. Nilifungua orodha, nikampa Shija hedifoni za kawaida, nikampigia zile sauti nilizoziweka kwenye kundi la risasi za viziba sauti. Zilikuwa thelathini na moja. Kwangu mimi zote zilikuwa moja: kishindo kizito, kifupi, kama gunia la mahindi linalotupwa chini.

Shija alifumba macho. Ya kwanza, akasema bunduki. Ya pili, bunduki. Ya tatu, bunduki. Tulipofika namba 212 alifumbua.

"Shoka," alisema.

Nikamwambia asikilize tena. Akasikiliza, akasema ni shoka kwenye mti mkavu, tena anayegonga huenda anatumia mkono wa kushoto. Akaniuliza kama siisikii ile kengele ya mti baada ya pigo, ile sauti nyembamba ya juu inayobaki.

Sikuisikia. Sikuisikia siku ile na sikuisikia miezi mitano nyuma. Mti ukigongwa hutoa sauti mbili, kishindo na kengele, na kengele ndiyo inayosema huyu ni mtu anabisha. Mimi nilikuwa nimebaki na kishindo tu. Kati ya zile thelathini na moja, saba zilikuwa mashoka. Zote niliandika: zuia. Na kando ya kila moja, kwa utaratibu mzuri, palikuwa na herufi zangu mbili, N.M.

Shija aliziona. Akavua hedifoni polepole, akaziweka mezani, akatazama dirishani.

"Afande, mimi sijaona kitu," alisema.

Alikuwa anasema kweli kutoka moyoni, na angelishika neno lake hadi kaburini. Nilikaa nikaifikiria ile njia, nisijifanye malaika. Ningeweza kubadilisha vitufe saba, Fikirini akadhani ni marekebisho ya kawaida, Tulivu ikajifunza upya, na kikosi kikapata hedseti nzuri kuliko zote. Vijana mia sita wangeokoa masikio yao. Ningebaki na kazi yangu na jina langu. Gharama yake ingekuwa mtu mmoja tu, mwanamke mwenye mguu mmoja mbovu, akisimama mahakamani peke yake na kuapa kwamba alibisha, huku mashine nne zikiapa kwamba hakubisha.

Nikamwambia Shija akale chakula, na kwamba hiyo ni amri. Kisha nikamwandikia nesi ujumbe, nikimwomba kesho aje na mashine yake ofisini kwa Kamanda.

*

Ijumaa walikuwapo wote: Kamanda, Fikirini, nesi, na Shija mlangoni. Karatasi ya manunuzi ilikuwa mezani na kalamu juu yake. Kamanda alidhani nesi amekuja kwa ajili ya takwimu.

Nilichukua kiti nikakigeuza kikatazama ukuta mtupu. Nikamwomba nesi anipime kama anavyonipima kila mwaka. Alicheka kidogo, kisha akaona uso wangu akaacha. Akanivalisha hedifoni zake.

Sauti nene nilizisikia, nikainua mkono. Moja, mbili, tatu, nne. Kisha pakawa na mluzi wangu tu. Nilingoja. Ukuta ulikuwa na ufa mwembamba nikaufuata kwa macho hadi darini na kurudi. Nikamwuliza nesi kama ameshaanza zile nyembamba.

"Nimeshamaliza, afande," alisema.

 Nikageuza kiti, nikawaambia. Niliwaambia kuhusu kioo cha kabati, miaka sita. Kuhusu sauti namba 212 na zile sita nyingine. Nikaweka mezani picha za mtundu na mninga, na vipande viwili vya gamba nilivyokata. Nikasema Mama Holo aligonga mara sita na ilikuwa haki yake kujibiwa, na kwamba aliyemnyima jibu si Shija wala si Tulivu, ni mimi.

Kamanda Ruhinda alifumba macho kama mtu anayesubiri jino ling'olewe. Tulianza naye kazi mwaka mmoja. Alipoongea, aliongea taratibu. Alisema makosa hurekebishika, kwamba sauti saba zinaweza kubadilishwa mchana huu huu, na suala la yule mama tutalimaliza kienyeji, atapewa pole, shtaka litafifia lenyewe. Hakuna haja ya kuandika. Akanisogezea kalamu.

"Likififia halijafutwa," nilimwambia. "Hedseti zitakuwa mia sita. Siku nyingine zitasema tena hakubisha, na watu watasema, si mnaona, hata yule mama wa kwanza hakubisha."

Fikirini akaomba kusema, na kwa hili namheshimu hadi leo. Alisema si vitufe saba tu. Kishindo cha shoka na kishindo cha bunduki yenye kiziba sauti ni ndugu, hutofautiana kwa ile kengele inayokuja baadaye kidogo. Ili Tulivu iisubiri kengele lazima ifungue mlango kwa muda mfupi, na risasi nazo zitapitia mlango huo huo. Ulinzi utashuka kutoka thelathini na tatu hadi ishirini na sita. Kwa maneno mengine, masikio ya askari yataulipia mlango wa warina asali, kidogo kidogo, kila siku ya kazi.

Hapo ndipo nilipotaka tufike, na hapo ndipo nilipoogopa. Maana mimi najua bei hiyo, naisikia kichwani ikipiga mluzi hata nikiandika haya. Ningewezaje kumwambia kijana wa miaka ishirini na sita ailipe kwa niaba ya mtu mwingine? Nikageuka kumtazama Shija mlangoni.

Shija akasema bila kuulizwa. "Nitavaa ya ishirini na sita. Na chini yake nitaweka vizibo vya sponji tukiingia kwenye mapigano. Tukirudi kambini nitavitoa. Mimi nilikuwa nangoja kusikia, Kamanda. Nisingepiga."

 Kamanda alimtazama muda, kisha akanitazama mimi, na nikajua ameshakubali, nikajua pia nini kinafuata. Nilikataa kutia sahihi Tulivu kama ilivyokuwa. Nikaandika kwa mkono wangu: Pembe zitumike kwa muda, na vizibo vya sponji, Tulivu ifundishwe upya na watu wanaobisha, si na watu wanaobishiwa, na wa kwanza wao, akikubali, awe Mama Holo. Nikaandika maelezo ya pili, ya mahakama, yenye jina langu lote. Kamanda akanyoosha mkono. Nikamwekea funguo za ghala la silaha kiganjani, nikatoka nje kwenye jua.

*

Mama Holo alikubali baada ya kukataa mara mbili. Shtaka lilifutwa, leseni ikarudi, na akaja ofisini kwa magongo yake kusikiliza sauti mia nne. Kila alipokwenda alinichukua nimfungulie mashine, pengine kwa wema, pengine ili anione nikihangaika. Alizitupa sauti arobaini za mwanzo akisema aliyezirekodi alifunga vinasa vyake upande wa upepo kama mtu wa mjini. Zingine alizibishia kama anabishana na jirani. Alipofika namba 212 alicheka mara ya kwanza.

"Huyu ni mume wangu," alisema. "Anagonga kwa kushoto."

Ilichukua miezi mitatu. Siku ya jaribio la mwisho niliomba jambo moja tu, kwamba mbishaji niwe mimi. Kamanda aliniruhusu, na akaniruhusu pia kukagua bunduki ya Shija kwa mara ya mwisho. Ilikuwa tupu. Walikaa pale pale penye majivu yetu ya zamani, watu wanne, wote na Tulivu mpya, na hawakuambiwa nitatokea wapi wala saa ngapi. Mama Holo akaja nami, gongo moja tu siku hizo, kwa sababu alisema hamwamini mtu aliyefukuzwa kazi.

Tulisimama penye mtundu wa radi. Mabonde yake matatu yalikuwa yameanza kuota gamba jipya. Nikageuza shoka, nikagonga juu yake, mara tatu, jinsi baba alivyonifundisha.  Nikangoja.

Sikusikia kitu. Upande ule wa kambi palikuwa na moshi na mluzi wangu, basi. Sekunde zikapita. Nikawaza juu ya vijana mia sita na nilichowanyima, na kama nimewanyima bure. Nikainua shoka kugonga mara ya pili.

Gongo la Mama Holo likanizuia mkono.

"Wamejibu," alisema. "Twende."

Akatangulia yeye, akichechemea. Nikaweka shoka begani, nikamfuata.